Upande wa Kushoto wa Kaka

Kila Jumapili, saa kumi kasoro robo alasiri, jua likishajificha nyuma ya ukuta wa jirani, Mama alikuwa akijaza ndoo ya bluu maji ya vuguvugu hadi nusu, akatia vijiko viwili vya sabuni ya vyombo, kisha akamwita binti yake amletee kigoda. Sabuni ya unga hakuitaka, maana ina chembe zinazokwaruza. Brashi ndiyo kabisa, hata kuitaja ilikuwa mwiko. Alitumia sponji ya manjano, upande ule laini, akaianza kayaki puani, akashuka nayo mbavuni, akamalizia mkiani.

Ilikuwa kayaki, yaani kimtumbwi chembamba cha kupiga kasia, ya plastiki nene, ya mtu mmoja, rangi ya machungwa, urefu wa mita tatu na robo. Ililala kifudifudi juu ya vigogo viwili vilivyovishwa vipande vya godoro, chini ya kibanda cha mabati nyuma ya jiko, mahali pekee pale uani palipokuwa na kivuli kutwa nzima. Mikanda miwili iliishika isianguke, nayo haikukazwa sana. Vidole viwili vilitakiwa kupita chini yake bila taabu. Kila mwisho wa mwezi iligeuzwa ili isibonyee upande mmoja. Baada ya kuoshwa ilisuuzwa, ikaachwa ikauke, ikapulizwa dawa ya kukinga jua, na dawa hiyo Mama aliisambaza kwa viganja vitupu.

"Kitambaa hakina habari," alikuwa akisema. "Kiganja kinajua."

Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na saba, kwa sababu lolote lililoipata kayaki lilimpata mwanawe wa kwanza.

Jambo lenyewe lilijulikana mapema. Kaka aliinunua kayaki kwa mshahara wake wa kwanza, kutoka kambi ya michezo ya majini iliyokuwa ikifungwa. Akaipigia kasia bwawani miezi minne, kisha akapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya mji wa mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. "Mama, nitunzie," alisema, akaenda. Mwezi wa pili fundi bomba alipita uani na ngazi yake, akaikwaruza kayaki karibu na kiti. Jioni ile ile Kaka akapiga simu kuuliza mbona paja lake limepata mchoro mrefu kama penseli. Mama akachukua penseli, akaenda uani, akapima, akarudi kwenye simu akasema, "Sawa, nimeuona." Tangu hapo akalichukulia kama mama mwingine anavyochukulia kwamba mtoto wake hapatani na maziwa. Mwaka mmoja mchanga ulisahaulika chini ya kiti, na Kaka akalazwa kwa mawe ya figo. Mama akapenyeza mkono, akaukwangua mchanga wote, akamimina maji ndoo mbili. Kaka akaruhusiwa kutoka hospitali Jumatano.

Kwa matunzo hayo Kaka hakuzeeka. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na uso wa mtu wa ishirini na saba, tena aliyelala vizuri. Alipokuja likizo mara ya mwisho alikwenda benki na mdogo wake wa kike. Karani akainuka kidogo kwenye kiti akamwambia dada, "Shikamoo mama," halafu akamgeukia Kaka: "Mambo vipi? Leo umemleta mama?" Kaka alicheka njia nzima hadi nyumbani. Mezani akasimulia tena, akaigiza na sauti ya karani, na Mama akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Aliyeamkiwa alikuwa mdogo kwa miaka sita. Nyumbani aliitwa Kitinda, kifupi cha kitindamimba. Kwa kawaida kitindamimba ndiye hudeka. Huyu alipewa jina, kudeka kukaenda kwingine. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mpima ardhi. Alishika fimbo ndefu ya kupimia, yenye mistari myekundu na myeupe, akasimama nayo pale alipoambiwa, juani, bila kuyumba, hadi mpima aliyekuwa chini ya mwavuli aseme basi. Jua lilikuwa limemfanyia kazi yake sawasawa. Shingo ilikuwa na mikunjo, mashavu yalikuwa na madoa, na midomo ilipasuka kila mwezi wa kiangazi. Alirudi nyumbani akachota maji ya kuoshea kayaki.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika nyumba hii lake lilikuwa limelala kivulini, limepakwa dawa, na aliyekuwepo ndiye alikuwa akibeba ndoo.

Kitinda alikuwa na wivu. Hakuna haja ya kuzungukazunguka. Hakuionea wivu hoteli, wala mshahara, wala hata uso ule usioingia mkunjo. Alivionea wivu viganja. Mara ya mwisho Mama kumwekea kiganja kizima mwilini, si kumsukuma apishe njia, si kumpokea mzigo, ilikuwa akiwa darasa la tano na surua imemjaa. Alizikumbuka siku zile nne za surua kama wengine wanavyokumbuka harusi zao. Na kila Jumapili alisimama na ndoo akavitazama viganja hivyo vikipita polepole kwenye plastiki, vikirudi, vikisimama mahali vilipohisi kitu, vikikibembeleza kitu hicho mpaka kikalainika. Roho ilimuuma vibaya mno. Kuna siku alilazimika kutazama kamba ya nguo.

Siku moja aliuliza.

"Mama, na changu ni kipi?"

"Chako nini?"

"Kaka ana kayaki. Mimi kitu changu cha kuoshwa ni kipi?"

Mama aliwaza kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. Alitazama uani, akalitazama jiko, akaitazama ndoo.

"Wewe si upo," alisema. "Kitu cha nini?"

Kitinda hakuridhika. Wiki ile alijitafuta. Alisugua kabati la vyombo, akasimama akasubiri kama mwili wake utasikia. Aliing'arisha pasi, akasubiri. Akafuta redio kwa pamba, akapaka mafuta miguu ya meza, akaifua mikeka miwili, na Alhamisi akaiosha hata ile ndoo ya bluu nje na ndani. Hakusikia chochote isipokuwa maumivu ya kiuno.

Halafu mikono ya Mama ikaharibika. Ilianza kwa vidole vya mwisho, ikapanda, mpaka vidole vyote kumi vikajikunja kuelekea ndani na kukataa kunyooka. Sponji ilimponyoka. Kikombe alikishika kwa viganja viwili kama anayeomba. Magoti nayo yakafuata, akawa mtu wa kukaa kiti cha barazani, mbele ya nyumba. Jumapili ya kwanza aliyoshindwa kufika uani, alimwita Kitinda akamtazama usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Sasa ni kazi yako," alisema. "Usije ukaniangusha."

Kaka naye akapiga simu. "Kitinda, polepole tu. Upande ule laini, eh? Na chini ya kiti usisahau, yale mawe sitaki kuyaona tena."

"Sawa, Kaka."

"Mdogo wangu wewe. Najua niko kwenye mikono salama."

Fisi alikuwa amekabidhiwa bucha, na waliomkabidhi walikuwa wakimshukuru.

Jumapili mbili za mwanzo aliosha inavyotakiwa, kwa haraka kidogo. Jumapili ya tatu alifungua mikanda akaiburuta kayaki na vigogo vyake kutoka kibandani mita moja na nusu. Alijua kupima. Mita moja haingetosha, na mbili zingeonekana na jirani. Kwa mita moja na nusu, jua la saa saba liliufikia ubavu wote wa kushoto, likakaa hapo hadi saa kumi kasoro robo. Kisha akafunga tena mikanda akaikaza tundu moja zaidi ya kawaida. Akalowesha sponji, akaikamua, akaipeleka barazani ionekane.

"Umepuliza dawa?" Mama aliuliza.

"Nimepuliza."

"Umepitisha kiganja?"

"Nimepitisha."

"Haya. Mungu akubariki."

Kila siku alipotoka kazini alikwenda kuangalia. Rangi ya machungwa ilianza kuchoka, ikawa kama shati lililofuliwa mara nyingi. Wiki ya sita alipitisha kidole, kikatoka na unga mweupe, laini, kama chaki. Alikisugua kidole hicho kwenye gauni, akaingia ndani akapika, na alikuwa akiimba. Alifurahi. Isemwe hivyo hivyo, alifurahi. Kila aliposimama juani na fimbo ya mpima alijisemea kimoyomoyo kwamba leo tuko wawili.

Kaka alipiga simu kusema anabanwa kifua akipanda ngazi. Alipiga tena kusema ngozi inamvuta. Mama alimwambia anywe maji.

Wiki ya kumi na moja aliteremka kwenye basi saa sita mchana akiwa na begi moja. Upande wa kulia alikuwa na miaka ishirini na saba. Upande wa kushoto alikuwa na sitini. Nywele za upande huo zilikuwa nyeupe, jicho limezama, na ngozi imepauka na kukakamaa, ikitoa unga kila aliposogea. Kola ya shati ilikuwa imejaa. Alikaa mezani, na aliponyanyuka, kiti kilibaki na alama nyeupe ya mkono mmoja na paja moja.

"Wamenitoa mapokezi," alisema. "Wamenihamishia stoo ya mashuka. Meneja anasema wageni wanataka mtu wa rangi moja."

"Ulimwona daktari?" Mama aliuliza.

"Nilimwona. Kasema ni jua. Nikamwambia mimi nashinda ndani. Kasema basi kuna mahali pengine ninashinda nje."

Mama aliinamisha kichwa akaiangalia mikono yake. Kisha akaomba apelekwe uani. Walimshika huku na huku, Kaka kwa mkono wake wa kulia. Kayaki ilikuwa pale pale ilipoachwa, mita moja na nusu nje ya kibanda, imelala kwenye jua la saa saba na ubavu mweupe, na mikanda imezama kwenye plastiki. Kitinda alisubiri. Alikuwa akingoja ageuziwe uso. Hata kofi lingefaa. Kofi nalo ni kiganja.

"Ni kosa langu," Mama alisema. "Sikumwonyesha vizuri."

"Mama, niliitoa mimi," Kitinda akasema. "Makusudi. Nikaiweka juani nikijua."

"Usijitwike mambo, mwanangu."

"Nimepima. Mita moja na nusu."

"Umechoka tu. Kazi yako ya jua nayo inakuchanganya." Mama alikuwa bado anaiangalia kayaki. "Wewe huna roho hiyo. Wewe tangu utoto hujawahi kunisumbua."

Kaka alicheka kwa nusu ya mdomo iliyoweza kucheka. "Kitinda? Huyu hata paka hajawahi kumfukuza."

Ikawa imeisha. Dhambi yenyewe aliyoifanya kwa wiki nane, kwa mikono yake miwili, alinyimwa. Alikwenda kuchota maji, kwa kuwa Mama alikuwa amekwisha kuitaja ndoo.

Mama alianza kwa kumwosha Kaka mwenyewe, pale kwenye kigoda, lakini vidole havikukamata sponji na maji yalikuwa yakimteremkia viwikoni. Tena unga wa ngozi haukutoka. Uliotoka ulifuatwa na mwingine. Ilikuwa wazi kwamba cha kuoshwa ni ile kayaki. Basi wakairudisha kivulini, Kitinda na Kaka, mmoja pua mmoja mkia, na Kitinda akalegeza mikanda. Kaka akavuta pumzi ndefu ya kwanza.

Kitinda alijua la kufanya. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye kazi ile bila kuondoa macho, na wivu ni mwalimu mkali kuliko wote. Aliosha, akasuuza. Akachukua msasa laini kabisa, akaulowesha, akaanza kuuondoa ule unga kwa duara ndogondogo, bila kukandamiza, huku akimwagia maji. Kaka aliyekuwa amekaa kizingitini alisema anasikia kuwashwa, lakini kuwashwa kuzuri. Palipokuwa na mfereji uliochimbwa na zege siku za zamani za kuburutwa hadi bwawani, Kitinda aliyeyusha kipande cha plastiki ya aina ile ile kwa pasi ya kuchomelea, akapaziba, akapalainisha. Kaka alinyoosha goti ambalo lilikuwa likimlia tangu ujana, akalikunja, akalinyoosha tena.

Ilipofika zamu ya dawa, Mama akasema, "Ngoja. Hapo ni mimi."

"Mama, mikono yako."

"Lete mkono wako."

Akasogezewa kiti hadi ubavuni mwa kayaki. Kitinda akapuliza dawa, akaweka kiganja chake kwenye plastiki, na Mama akaweka kiganja chake juu ya mgongo wa mkono wa Kitinda. Kilikuwa kimejikunja, lakini kilikuwa kizima, na kilikuwa na joto. Kikaanza kuusukuma mkono ule, polepole, mbele na nyuma. Kikasimama mahali, kikabembeleza, kikaendelea.

Kitinda alisahau kuvuta pumzi. Tangu surua. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na mkono wa mama yake ulikuwa juu ya mkono wake, kwa dakika tano, kisha kumi. Halafu akauhisi uzito wake vizuri, na akaelewa unakokwenda. Haukuishia kwake. Ulipita ndani ya mkono wake kama unavyopita ndani ya sponji, ukateremka kwenye plastiki, na kwenye kizingiti pale Kaka akafumba macho.

"Kandamiza kidogo," Mama alisema. "Hapa amekauka."

Akakandamiza.

Kaka alikaa Jumapili tatu. Kila Jumapili alikaa kizingitini akiitazama ile mikono miwili, na aliouona ulikuwa mkono wa juu tu, wa Mama. Upande wa kushoto ukarudi: kwanza rangi, kisha jicho, mwisho nywele. Alipoondoka, sura yake ilikuwa ya mtu wa miaka ishirini na minne. Jirani aliyemkuta mlangoni alimuuliza yuko chuo gani.

Kazi ikaendelea. Kila siku Kitinda alikwenda kusimama juani na fimbo, na kila Jumapili saa kumi kasoro robo alimbeba Mama hadi uani, akampa mgongo wa mkono. Aliingojea saa hiyo wiki nzima na aliichukia wiki nzima. Wivu haukupungua hata kidogo. Ulikuwa umepata mahali pa kukaa vizuri tu. Mara nyingine alipuliza dawa mara mbili ili kazi iwe ndefu. Mama aliona, akaridhika kwamba binti ameanza kujali. Dawa ilimlainisha Kitinda viganja, vikawa kama vya mtu mwingine, lakini mgongo wa mkono, pale kiganja cha Mama kilipokuwa kikilala, ulibaki mkavu na wenye mipasuko, kwa sababu hakuna tone lililofika huko.

Simu ilipigwa Jumapili moja wakati wanamalizia. Kwa kuwa Mama hakuweza kushika simu, Kitinda alijifuta mkono mmoja, akapokea, akaishikilia kwenye sikio la mama yake. Sauti ya Kaka ilikuwa kubwa. Angetaka asingetaka, aliisikia yote. Alikuwa amerudishwa mapokezi. Walikuwa wamempiga picha ya kuweka kwenye bango la hoteli.

"Mama, nikuambie kweli," alisema Kaka. "Hujawahi kunipaka hivi. Hata zamani hukuwa hivi. Nalala, naamka kama nimezaliwa jana. Ina maana mikono imepona tangu niondoke?"

Mama aliiangalia mikono yake, iliyokuwa imelala mapajani imejikunja. Akatabasamu.

"Haijapona, baba," alisema. "Nimepata namna."

"Namna gani?"

"Namna tu. Mama hakosi namna."

Kaka akacheka, akaanza kusimulia habari za bango, lina urefu gani, litawekwa wapi. Yalikuwa mazungumzo marefu. Mkono wa Kitinda ulianza kufa ganzi, akabadilisha ukawa ule mwingine, na Mama akamwashiria kwa kidevu asogeze simu karibu zaidi, maana alikuwa hasikii vizuri.